Sioni Ulichobadilisha

Mama Pacha hapendi kuitwa mwandishi. Ukimwita hivyo atakuuliza umesoma riwaya yake ipi. Kazi yake, kwa maneno yake mwenyewe, ni kumwambia fundi ashike wapi na asiguse wapi. Kampuni yetu inauza na kufunga mashine za mvuke za kutakasia vifaa vya hospitali, yale masanduku ya chuma yanayoua vijidudu kwenye mikasi na koleo za madaktari. Kila mashine ina mwongozo, na miongozo yote imepita mikononi mwake. Mafundi wetu wametawanyika huku na huku. Wakifika kazini wanafungua ukurasa kwenye simu, wanasoma hatua, wanafungua skrubu.

Meza yangu inatazamana na yake. Mimi ndiye ninayepokea simu za mafundi. Nina hasira za karibu, nalijua hilo, na mama yangu alilijua kabla yangu. Lakini kwa haya ninayoyasimulia hata mtu mpole namna gani angevunja kikombe. Mimi nilivunja viwili, na cha pili hakikuwa changu.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Mama Pacha aliandika kwenye programu ya kawaida ya kuandikia barua, akamtumia Meneja, Meneja akasoma, akasema sawa, ukurasa ukapandishwa. Kisha akaja Mtaalamu. Ndivyo tulivyomwita na jina alilipenda. Alikuwa mtu wa programu za kompyuta, msafi, mwenye adabu, hajawahi kumpandishia mtu sauti, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana unakosa pa kumshikia. Akaleta mfumo mpya. Kurasa zote zikawa maandishi matupu ndani ya folda, na anayetaka kuzihariri lazima aweke kwenye kompyuta yake chombo kinachoendeshwa kwa amri. Hakuna cha kubofya. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, nacho chombo kinakuonyesha ukurasa utakavyokuwa kabla haujawafikia watu. Sisi tulikipa jina la Chungulia.

Mtaalamu alihamisha kurasa zote peke yake, kwa mbio, akapongezwa kikaoni, tukapiga makofi. Haukupita muda fundi mmoja wa siku nyingi akanipigia.

"Dada, hii mashine mpya. Mbona onyo la mvuke liko chini kabisa? Nimeliona kwa bahati tu, natafuta namba zenu."

Nilifungua ukurasa. Hatua ya nne ilisema: fungua mfuniko. Basi. Onyo lake, kwamba kabla ya kugusa mfuniko ufungue koki ya mvuke na usubiri mshale wa geji ushuke hadi sifuri, lilikuwa limeanguka mwisho wa ukurasa, chini ya namba za simu za ofisi. Katika kuhamisha liliteleza likaenda kukaa huko. Nalo si onyo la kupamba ukurasa. Mashine za zamani zilikuwa zinatoa mvuke zenyewe ukizizima. Hii mpya haitoi. Unaizima, inanyamaza, unadhani imepoa, kumbe mvuke umejaa tumboni.

Nilimgeuzia Mama Pacha skrini yangu. Alisoma akiwa amesimama, mkono mdomoni.

"Mimi niliandika onyo juu ya hatua ya nne. Juu! Kuna mtu ataungua hapa."

Tulikwenda kwa Meneja wote wawili. Meneja ni mtu wa kutikisa kichwa unapoongea, hata kama hasikii.

"Basi rekebisha," akasema.

"Nirekebishe wapi, na mlango wa zamani mmeufunga?"

"Kwenye mfumo mpya. Mtaalamu ameandika maelekezo ya kuweka chombo. Ni rahisi tu."

Mimi nikaomba, wakati ukurasa unashughulikiwa, niwaandikie mafundi kwenye kundi lao la simu kwamba hatua ya nne ina kasoro.

"Hapana, hapana. Lile kundi lina wateja ndani. Hatuwezi kujianika. Rekebisheni ukurasa kimyakimya."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia hivyo, humo humo ndani ya chumba chake cha kioo, na akatikisa kichwa. Tangu hapo kila fundi aliyepiga simu nilimwonya kwa mdomo, hata aliyepiga kuulizia likizo. Lakini wanaopiga simu ni wale wasiosoma. Msomaji apige simu ya nini, na kila kitu kimeandikwa?

Mama Pacha akamwendea Mtaalamu. Akamwomba amrekebishie mstari huo mmoja, mara moja, halafu chombo atajifunza kwa raha zake.

"Nikikufanyia hutajifunza," Mtaalamu akasema, na tabasamu. "Fuata maelekezo. Ukikwama niulize."

Sasa nisikilizeni habari za maelekezo hayo. Yalikuwa ukurasa mmoja, na neno la kwanza lilikuwa "Hakikisha una kila kinachohitajika." Kinachohitajika ni nini? Hakuna. Mtu ambaye kutwa anawaandikia wenzake "bisibisi ya kichwa bapa, ufunguo wa bomba, glavu" anaambiwa awe na kila kinachohitajika! Mama Pacha alicheka, kicheko cha hasira, akaendelea.

Mstari wa pili ulikuwa amri, na mbele ya amri kulikuwa na alama ya dola. Akaiandika yote kama ilivyo, maana yeye kazi yake ni kuwafundisha watu kufuata maandishi kama yalivyo. Kompyuta ikamjibu kwamba hiyo amri haiijui. Akarudia polepole. Haiijui. Akaenda kwa Mtaalamu.

"Ile dola huiandiki," Mtaalamu akamwambia. "Ni alama tu ya kuonyesha kwamba hapa ni pa kuandika amri."

"Kama haiandikwi, umeiandika ya nini?"

"Ndivyo inavyoandikwa."

Aliporudi mezani alikuwa mwekundu wa macho. Akaondoa dola, amri ikakubali, ikamtaka nywila. Akagusa herufi ya kwanza. Hakuna kitu kwenye skrini. Ya pili, hakuna. Akadhani kibodi imekufa, akaigeuza, akaipiga mgongoni. Nikamwazima yangu. Nayo kimya. Alikwenda tena, na mimi nikamfuata kwa sababu nilitaka kuona.

"Nywila haionekani ukiiandika kwenye dirisha lile," Mtaalamu akasema. "Ni kwa usalama. Nilidhani unajua."

"Ningejulia wapi?" Mama Pacha akamuuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Tukarudi. Chombo kikalalamika kwamba programu fulani ndani ya kompyuta yake ni ya toleo la zamani. Akaiweka mpya, nacho kikalalamika kwamba hiyo ni mpya mno. Nawaambieni ukweli, niliposoma sentensi hiyo ndipo kikombe cha kwanza kilipokwenda. Alipopata toleo lililokipendeza, amri ya mwisho ikakataa kwa sababu folda haipo. Tukaangalia maelekezo. Mtaalamu alikuwa amenakili amri kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe, na ndani ya njia ya folda, yaani mahali folda ilipo, mlikuwa na jina lake. Ili chombo kifanye kazi Mama Pacha alitengeneza folda yenye jina la Mtaalamu katika kompyuta yake. Ipo mpaka leo. Mumewe anamtania kwamba amehifadhi mwanaume kwenye laptopu, naye hacheki.

Mnacheka ninyi. Sisi hatukuwa tunacheka, kwa sababu muda wote huo, wakati mwanamke mwenye akili timamu anahangaishwa na alama ya dola, hatua ya nne ilikuwa bado iko hewani inawaambia watu wafungue mfuniko.

Hatimaye Chungulia kilikubali. Dirisha jeusi likamwaga mistari, na mwisho wake kikatoa anwani ya kufungua. Akaifungua, na mwongozo ukatokea, na picha zake, na rangi zake. Akalichukua onyo kule chini, akalirudisha juu ya hatua ya nne, akaliwekea kisanduku chekundu. Akahifadhi. Ukurasa ukabadilika wenyewe mbele ya macho yetu. Siwezi kukataa, ulikuwa uzuri. Mama Pacha alinyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Utaratibu ulisema ukimaliza umpe Meneja aone, akisema sawa Mtaalamu anapandisha. Basi akainakili ile anwani, akamtumia Meneja: "Tafadhali angalia hatua ya nne, nimerudisha onyo. Ni la haraka."

Jibu likaja baada ya chakula cha mchana.

"Sioni ulichobadilisha."

Mama Pacha akafungua ukurasa. Kisanduku chekundu kile pale. Akadhani hakuhifadhi; akahifadhi tena. Akazima chombo, akakiwasha. Akatuma anwani tena. Kesho yake Meneja akaandika: "Mama Pacha, nimeangalia tena. Ukurasa ni ule ule. Hakikisha umeuelewa mfumo kabla ya kututumia kazi. Tusipotezeane muda."

Alinisomea ujumbe huo kwa sauti ya chini. Mtu aliyeandika miongozo tangu watoto wake hawajaota meno. Alianza kujitilia shaka, na hilo ndilo lililonikera kuliko matusi. Akaanza upya maelekezo yote, akafuta chombo, akakiweka tena, akiandika kila amri kwa kidole kimoja. Onyo likakaa juu ya hatua ya nne vilevile. Akatuma. Meneja hakujibu, aliona hakuna jipya, akaendelea na mambo yake. Mtaalamu naye, akiulizwa, alisema anasubiri neno la Meneja.

Hapo ndipo Miwani alipoungua.

Miwani ni fundi wetu wa mji wa mbali. Tunamwita hivyo kwa sababu kabla ya kazi yoyote huvua miwani yake, huifuta kwa pindo la shati, huivaa, husoma mwongozo toka juu na kufanya hatua moja moja. Wenzake humcheka. Wao huanza na bisibisi. Miwani hakuwahi kunipigia kuuliza kitu. Akipiga ni kumsalimu Mama Pacha na kumwambia kwamba hapa umesahau nukta. Walikuwa hawajawahi kuonana, wakapendana kwa nukta.

Alikuwa anafanyia matengenezo mashine mpya katika hospitali moja. Aliizima kama hatua ya tatu inavyosema. Akasoma ya nne. Akafungua mfuniko. Mvuke ulimshika mkono wa kulia toka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Bahati, kama tunaita hiyo bahati, ni kwamba hospitali ilikuwa hapo hapo.

Alinipigia yeye mwenyewe, mkewe amemshikia simu.

"Dada," akasema, "mimi nilifuata maandishi."

Mafundi wote wasiosoma walikuwa wazima, na aliyeungua ni yule aliyetuamini. Nikamwambia pole, nikaweka simu chini, nikamwambia Mama Pacha.

Hakulia. Aliinuka, akaibeba laptopu yake ikiwa wazi hivyo hivyo, na waya wa chaji ukaburuzika nyuma yake ukachukua kikombe cha mhasibu kutoka pembeni mwa meza yangu. Hicho kikombe cha pili wanahesabu ni mimi, sawa, nakikubali. Alipita mlango wa Meneja bila hodi. Mtaalamu alikuwa humo humo, wanazungumzia mfumo.

"Miwani ameungua mkono," Mama Pacha akasema. "Kwa hatua ya nne. Sasa mtanionyesha hapa, mbele yangu, kitu gani hamkioni."

Akaiweka laptopu juu ya karatasi za Meneja. Meneja akatikisa kichwa, akaigeuza kompyuta yake ili tuione, akafungua ile anwani aliyotumiwa. Zikawa mbili kando kwa kando. Anwani moja, herufi kwa herufi. Nilizisoma zote mbili. Kwenye ya Mama Pacha kisanduku chekundu kilikuwa juu ya hatua ya nne. Kwenye ya Meneja onyo lilikuwa chini, chini ya namba zetu za simu.

"Ona sasa," Meneja akasema, "nilikwambia hakuna ulichobadilisha." Halafu akaiangalia ya Mama Pacha, akasogeza uso karibu na skrini.

Mtaalamu ndiye aliyepauka. Akasema polepole kwamba anwani ile haiendi popote. Kila kompyuta yenye Chungulia inayo, na maana yake ni hapa hapa, kwenye kompyuta hii hii. Siku ya kwanza ya mfumo alimwekea Meneja chombo kwa mikono yake, ili bosi asihangaike na dirisha jeusi, akakipanga kijiwashe chenyewe kila asubuhi. Nakala ya kurasa aliyomwekea ilikuwa ya siku ile. Meneja akifungua anwani ya Mama Pacha alikuwa anaona kompyuta yake mwenyewe, kama ilivyokuwa siku ile.

"Yaani," Mama Pacha akasema, "nimemwambia mtu nenda nyumbani, naye akaenda kwake."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Nilidhani kila mtu anajua."

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Sisi tulikuwa nyani wa aina mpya, kila mmoja aliona la kwake tu, na akaapa ndilo la mwenzake. Nililisema hilo kwa sauti na hakuna aliyecheka, na mimi pia sikuwa nacheka. Nilimuuliza Mtaalamu, kwa hiyo kurasa zote Meneja alizosema sawa tangu mfumo uanze, alikuwa anasoma nini? Mtaalamu akaangalia sakafu. Meneja akafunga kompyuta yake, kama vile kuifunga kungesaidia.

Mtaalamu aliketi pale pale mbele ya laptopu ya Mama Pacha, akaandika amri mbili, na onyo likapanda hewani. Lilikuwa jambo la muda mfupi hivyo. Chai ya Meneja ilikuwa bado inatoa moshi.

Baadaye Meneja alimtaka Mama Pacha aandike taarifa ya tukio, akampa na maneno ya kutumia: hitilafu ya mfumo. Akakataa.

"Mfumo haukuwa na hitilafu," akamwambia. "Ulituonyesha kila mtu alichonacho. Tulioambiana 'sioni' bila kuinuka kwenye kiti ni sisi. Mimi nimo, wewe umo, na huyu yumo. Nikiandika, nitaandika hivyo."

Taarifa akaandika Meneja mwenyewe. Hitilafu imo, mara tatu.

Maelekezo ya kuweka chombo, hayo aliyaandika upya Mama Pacha bila kuombwa na mtu. Dola ameziondoa zote. Kinachohitajika amekitaja kimoja kimoja, na toleo lake. Nywila ameiwekea mstari wake: "Hutaona kitu ukiandika. Kibodi yako ni nzima." Na kwenye anwani ya Chungulia ameweka kisanduku chekundu, kile kile cha mvuke: "Usimtumie mtu anwani hii. Inuka, nenda mezani kwake." Yeye mwenyewe hanyanyui tena simu kumuuliza mtu kama ameona. Anakwenda, anasimama nyuma ya kiti chako, anasema nionyeshe kwako, na watu wanaona usumbufu. Wengine wameanza kumwita Polisi. Anaitika.

Miwani alikuja ofisini bandeji ilipopungua. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wawili hao chumba kimoja. Meneja alitoka kwenye chumba chake cha kioo na uso wa pole, akanyoosha mkono kumsalimu kama alivyozoea. Mkono wa kulia. Miwani akautazama ule mkono, Meneja akaushusha, akasema ilikuwa bahati mbaya, hitilafu ya mfumo, sasa kila kitu kiko sawa.

Mama Pacha akavuta kiti, akamkalisha. Akageuza laptopu yake, ukurasa ukiwa wazi, kisanduku chekundu mahali pake.

"Angalia, kaka. Nimelirudisha."

Miwani hakuiangalia. Alijipapasa mfukoni kwa mkono wa kushoto, akatoa simu yake, akaihangaikia kidogo, akaiweka mezani mbele yetu.

"Samahani, dada yangu," akasema. "Nionyeshe kwenye yangu."

Mama Pacha alimfungulia ukurasa kwenye simu ile. Miwani akavua miwani, akashindwa kuifuta kwa mkono mmoja, na Mama Pacha akaichukua akamfutia kwa pindo la kitenge chake, akamvalisha. Kisha Miwani akaanza kusoma toka juu, hatua ya kwanza, na sisi tukasimama tukimsubiri afike ya nne.